Namba za hitilafu za vihisi vya injini: mwongozo kwa wamiliki wa magari ya zamani ya mfumo wa EFI

Taa ya njano yenye umbo la injini inapowaka kwenye dashibodi na kukataa kuzimika, mmiliki wa gari huingiwa na hofu mbili: gari kumzimikia njiani, na fedha zake kuteketea gereji. Hofu ya pili ndiyo hutimia mara nyingi. Kihisi kimoja hubadilishwa kwa kubahatisha, kisha kingine, kisha kompyuta ya gari hutafutwa kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika, na mwisho wa yote taa hubaki imewaka vilevile kwa sababu chanzo kilikuwa waya mmoja uliooza ndani ya soketi.

Magari mengi yaliyoingia Afrika Mashariki kutoka Japani katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, hususan Toyota Corolla, Carina, Corona na Mark II, yana uwezo wa kueleza yenyewe ni sehemu gani ya mfumo wa injini yenye kasoro. Maelezo hayo hutolewa kwa namba, na katika magari hayo namba husomwa kwa kipande cha waya na macho, bila mashine yoyote ya kisasa. Makala haya yanafafanua namna ya kuzisoma, maana zake, na jinsi ya kuzithibitisha kwa vipimo kabla ya kununua kipuri chochote.

Mfumo wa EFI na asili ya namba hizi

Katika gari la kabureta, mchanganyiko wa hewa na petroli hupangwa kwa mvuto wa hewa na matundu yaliyotobolewa kiwandani. Katika mfumo wa EFI, kompyuta ya injini hupokea taarifa kutoka kwa vihisi, ambavyo mafundi wengi huviita sensa, kisha huamua nozeli zifunguliwe kwa muda gani na plagi zitoe cheche wakati gani. Vihisi hivyo hupima joto la maji, joto la hewa inayoingia, shinikizo au wingi wa hewa hiyo, kiasi ambacho kanyagio la mafuta limekanyagwa, mzunguko wa injini, na oksijeni iliyobaki katika moshi.

Mfumo wa kielektroniki wa aina hii ulianza kuzalishwa kwa wingi mwaka 1967, pale kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipoufunga katika magari ya Volkswagen. Kadiri vihisi vilivyoongezeka, ndivyo ilivyokuwa vigumu kwa fundi kujua kilichoharibika. Jimbo la California nchini Marekani liliagiza kuwa magari mapya, kuanzia matoleo ya mwaka 1988, yawe na uwezo wa kujichunguza na kumtahadharisha dereva kwa taa. Utaratibu huo wa kwanza haukulazimisha namba zifanane, hivyo kila mtengenezaji alijiwekea zake. Kuanzia matoleo ya mwaka 1996, Marekani ililazimisha mfumo wa pamoja ujulikanao kama OBD-II, wenye soketi ya tundu 16 na namba za aina moja kwa magari yote. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayakufungwa na sheria hiyo, na ndiyo sababu gari la Kijapani la mwaka 1998 linaweza kuwa bado linatumia namba za mfumo wa kwanza.

Maandalizi kabla ya kusoma

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha taa yenyewe ni nzima. Ufunguo ukifunguliwa bila kuwasha injini, taa ya injini inapaswa kuwaka. Injini ikiwaka, taa inapaswa kuzimika. Taa isiyowaka kabisa wakati ufunguo umefunguliwa ni dalili ya balbu iliyoungua, balbu iliyoondolewa makusudi, au kompyuta isiyopata umeme.

Masharti mengine ambayo Toyota huyaweka ni haya:

– Betri iwe na umeme wa volti 11 au zaidi.
– Kanyagio la mafuta lisiguswe.
– Gia iwe huru, au kwenye P kwa gari la gia otomatiki.
– Kiyoyozi, taa kubwa, redio na vifaa vingine vizimwe.

Sharti la kiyoyozi, kanyagio na gia lina sababu mahususi. Vitu hivyo vikiwa kwenye hali isiyotakiwa, kompyuta huweza kutoa namba 51 ingawa hakuna kilichoharibika, na fundi asiyejua hilo huanza kutafuta tatizo lisilokuwepo.

Hatua za kusoma namba kwenye Toyota

Chini ya boneti, karibu na betri au pembeni mwa chumba cha injini, kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Upande wa ndani wa kifuniko umechorwa matundu yote pamoja na majina yake. Matundu yanayohitajika ni mawili: TE1 na E1.

Ufunguo ukiwa umefungwa, kipande kifupi cha waya huunganishwa kati ya TE1 na E1. Majina yasomwe kwa makini, kwa kuwa ndani ya kisanduku hicho kuna pia tundu la +B lenye umeme wa betri na tundu la FP la pampu ya mafuta. Kuunganisha matundu yasiyo sahihi kunaweza kuunguza fyuzi au kuiharibu kompyuta.

Baada ya hapo ufunguo hufunguliwa bila kuwasha injini, na macho huelekezwa kwenye taa ya dashibodi. Taa ikikonyeza mfululizo kwa haraka, takriban mara mbili kwa sekunde bila kupumzika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Iwapo kuna hitilafu, taa hukonyeza kwa mafungu. Fungu la kwanza ni tarakimu ya makumi na fungu la pili ni tarakimu ya mamoja, na kati yake kuna kituo cha sekunde moja na nusu. Kati ya namba moja na nyingine kuna kituo cha sekunde mbili na nusu. Namba zote zikiisha, taa hutulia kwa sekunde nne na nusu, kisha huanza upya.

Kwa mfano, taa ikikonyeza mara mbili, ikatulia kidogo, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni namba 22. Ikiwa baada ya kituo kirefu kidogo itakonyeza mara tatu, ikatulia, kisha mara moja, hiyo ni namba 31. Namba hutolewa kuanzia ndogo hadi kubwa, bila kujali hitilafu ipi ilitokea kwanza. Inashauriwa kuandika kila namba kwenye karatasi na kuacha mzunguko urudie walau mara mbili ili kuondoa shaka.

Maana ya namba zinazojitokeza mara nyingi

Maana hutofautiana kidogo kulingana na aina ya injini, lakini kwa injini nyingi za Toyota za petroli za kipindi hicho zilizo za kawaida ni hizi:

– 12: kompyuta haipati taarifa ya mzunguko wa injini wakati stata inapozungusha.
– 13: taarifa ya mzunguko imepotea injini ikiwa tayari inazunguka kwa kasi.
– 14: kompyuta haipati jibu kutoka kwa kifaa kinachoendesha koili kwamba cheche imetoka.
– 21: kihisi cha oksijeni au waya zake.
– 22: kihisi cha joto la maji.
– 24: kihisi cha joto la hewa inayoingia.
– 25: mchanganyiko una petroli pungufu.
– 26: mchanganyiko una petroli iliyozidi.
– 31: kihisi cha shinikizo la hewa, au kipimo cha hewa, kutegemea injini.
– 41: kihisi cha kanyagio la mafuta, kilichofungwa kwenye mlango wa hewa.
– 42: kihisi cha mwendo wa gari.
– 43: taarifa ya stata.
– 51: swichi ya kiyoyozi, ya gia, au ya kanyagio.
– 52: kihisi cha mgongano wa ndani ya injini, unaojulikana kwa mafundi kama noki.

Namba ni anwani ya mtaa, si ya nyumba

Kosa linalogharimu wamiliki wengi ni kudhani kuwa namba hutaja kipuri kilichokufa. Kompyuta haioni kihisi. Huona umeme unaorudi kutoka upande wa kihisi. Umeme huo ukitoka nje ya mipaka iliyowekwa, kwa kupanda kupita kiasi au kushuka kupita kiasi, kompyuta huhifadhi namba. Waya uliokatika, pini iliyoota kutu, soketi iliyolegea, waya uliotafunwa na panya, au kiungio kilichotengenezwa kwa tepu na fundi wa kengele za wizi, vyote huzaa namba ileile ambayo kihisi kibovu kingeizaa.

Hali hiyo ni ya kawaida zaidi kwa magari ya miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambako hewa yenye unyevu na chumvi hula pini za soketi. Huwapata pia magari yanayooshwa injini kwa maji ya presha, kwa sababu maji husukumwa hadi ndani ya soketi ambazo mipira yake ya kuzuia maji imekwisha kukakamaa kwa umri.

Kinyume chake pia hutokea. Kihisi kinaweza kutoa taarifa ya uongo ambayo bado imo ndani ya mipaka, na kompyuta ikaiamini. Hapo gari hula mafuta, hukosa nguvu au hutetema bila taa kuwaka na bila namba yoyote. Kwa sababu hiyo, kukosekana kwa namba si hati ya uzima.

Chombo kinachohitajika kwa uthibitisho ni mita ya umeme ya kidijitali, ambayo hupatikana katika maduka ya vifaa vya umeme. Balbu ya kupimia, ambayo mafundi wengi huitumia kwa taa na honi, haifai kwenye nyaya za vihisi kwa kuwa huvuta umeme mwingi na inaweza kuunguza kompyuta.

Namba 22: kihisi cha joto la maji

Namba hii inafaa kuchunguzwa kwa kina kwa kuwa inafundisha utaratibu unaotumika kwa karibu vihisi vyote. Dalili zake ni gari kuwa gumu kuwaka asubuhi au likiwa la moto, moshi mweusi, harufu ya petroli na ulaji mkubwa wa mafuta. Kompyuta inapokosa taarifa ya joto, huamua kukisia kuwa maji yana nyuzijoto 80 za Selsiasi ili gari liweze kufika gereji. Ndiyo maana gari lenye namba 22 huweza kwenda vizuri likishapata joto, lakini likasumbua alfajiri.

Kihisi chenyewe ni ukinzani unaopungua kadiri joto linavyopanda. Kwa Toyota, kikiwa na nyuzijoto 20 kinapaswa kusoma kati ya omu 2,000 na 3,000, na kikiwa na nyuzijoto 80 kisome kati ya omu 200 na 400. Kipimo huchukuliwa soketi ikiwa imechomolewa na ufunguo umefungwa. Kihisi kikitolewa, kinaweza kutumbukizwa ncha yake katika maji yanayochemshwa taratibu pamoja na kipimajoto. Ukinzani ushuke polepole bila kurukaruka.

Iwapo kihisi kimepita mtihani huo, uchunguzi huhamia kwenye waya. Soketi ikiwa imechomolewa na ufunguo umefunguliwa, waya mmoja kati ya miwili unapaswa kuwa na takriban volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Ikiwa volti hizo hazipo, waya umekatika au kompyuta haizitoi. Ikiwa zipo, hupimwa kati ya waya huo na ule wa pili, ambao ni waya hasi wa vihisi. Volti zikipotea hapo, waya hasi ndio wenye kasoro. Ni baada ya hatua hizi tu ndipo kipuri hununuliwa.

Kuna jambo lingine linalohusiana na joto la maji ambalo limeenea katika gereji za ukanda huu: kuondoa thamostati kwa hoja kuwa nchi ni ya joto. Thamostati ikiondolewa, maji huzunguka muda wote na injini huchelewa kufikia joto lake la kazi, au haifikii kabisa katika mwendo wa barabara kuu na maeneo ya baridi kama Njombe na Mbeya. Kihisi hutoa taarifa ya kweli kwamba injini ni ya baridi, na kompyuta huongeza petroli kama ilivyoelekezwa. Hakuna namba itakayojitokeza, lakini mmiliki atalipia kila siku kwenye kituo cha mafuta, na injini italika mapema. Tiba ni kurudisha thamostati sahihi na kutafuta chanzo halisi cha injini kuchemsha, iwe ni rejeta iliyoziba, feni au mfuniko wa rejeta.

Namba 31 na 41: hewa na kanyagio

Injini kama 4A-FE na 5A-FE za matoleo mengi ya Corolla hukadiria hewa kwa kihisi cha shinikizo kilichounganishwa na mpira mwembamba kwenye njia ya hewa. Kihisi hiki kina nyaya tatu: mmoja wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mmoja hasi, na mmoja wa kurudisha taarifa. Ufunguo ukiwa umefunguliwa bila injini kuwaka, waya wa taarifa usome takriban volti 3.3 hadi 3.9 kwa gari lililo usawa wa bahari. Mpira ukivutwa hewa kwa pampu ya mkono, volti zishuke kwa takriban 0.4 kwa kila milimita 100 za zebaki.

Mafundi wa mikoa ya nyanda za juu wazingatie kuwa shinikizo la hewa hupungua kwa mwinuko. Arusha, iliyo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kihisi kizima kitasoma pungufu kwa karibu nusu volti kikilinganishwa na Dar es Salaam. Kusoma huko kusichukuliwe kuwa ubovu.

Mpira wa kihisi hicho ukipasuka au kuchomoka, kihisi hupokea shinikizo la nje na kuiambia kompyuta kuwa injini imebeba mzigo mkubwa. Petroli huongezwa, moshi mweusi hutoka, na mara nyingi namba 31 haionekani kwa kuwa umeme haujatoka nje ya mipaka. Ukaguzi wa mpira huo huchukua dakika moja na hauna gharama, hivyo unapaswa kutangulia vipimo vyote.

Kihisi cha kanyagio hupimwa kwa kufungua mlango wa hewa taratibu huku mita ikiwa kwenye waya wa taarifa. Ukiwa umefungwa, kisome kati ya volti 0.3 na 0.8, ukiwa umefunguliwa wote, kisome kati ya 3.2 na 4.9. Kupanda kuwe kwa mfululizo. Mita ikishuka ghafla hadi sifuri mahali fulani na kurudi, kihisi kimelika hapo, na dereva atakuwa anasikia gari likistuka kila mguu unapofika sehemu hiyo. Kwa gari la gia otomatiki, kasoro hii hubadilisha pia wakati wa gia kuingia, na wapo waliofungua gia kwa sababu ya kihisi hiki peke yake.

Namba 21, 25 na 26: kihisi cha oksijeni

Kihisi hiki kimefungwa kwenye ekzosi na hufanya kazi kikishapata joto la takriban nyuzi 300. Hutoa umeme mdogo kati ya volti 0.1 na 0.9: ukiwa chini, mchanganyiko una hewa nyingi, ukiwa juu, una petroli nyingi. Kikiwa kizima, umeme wake hupanda na kushuka bila kukoma. Ili kukipima, injini hupashwa moto, kisha hushikiliwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika kwa muda wa dakika mbili hivi. Umeme ubadilike kutoka chini kwenda juu walau mara nane ndani ya sekunde 10. Ukibadilika kwa uvivu, kihisi kimezeeka.

Namba 25 mara nyingi hutokana na hewa inayoingia kwa njia ya panya: mpira mkubwa wa hewa uliopasuka, gasketi ya njia ya hewa, au mpira wa breki. Husababishwa pia na pampu ya mafuta iliyochoka, chujio lililoziba, au tundu kwenye ekzosi kabla ya kihisi, ambalo huvuta hewa ya nje na kukidanganya. Namba 26 huelekeza kwenye nozeli zinazovuja au presha ya mafuta iliyozidi. Katika hali zote hizi kihisi kinaweza kuwa kizima na kinasema ukweli.

Adui wakubwa wa kihisi hiki ni risasi, oili inayoungua, na gundi za silikoni zisizo za kiwango zinazopakwa kwenye gasketi. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, hivyo hatari iliyobaki zaidi ni oili na gundi.

Namba 12, 13 na 14: gari linalozimika njiani

Namba hizi tatu ndizo zinazogusa usalama moja kwa moja. Kompyuta isipojua injini inazunguka, hukata petroli na cheche. Isipopata uthibitisho wa cheche mara kadhaa mfululizo, hukata petroli ili isimwagike ndani ya ekzosi. Gari huzimika papo hapo, msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani wa nguvu huwa mzito. Tukio hilo likitokea kwenye mteremko au wakati wa kulipita lori, matokeo yake yanaweza kuwa ya kusikitisha.

Mwenendo wake wa kawaida ni gari kuzimika likiwa la moto na kuwaka tena baada ya kupoa nusu saa. Koili ndogo za kuhesabu mzunguko, ambazo katika injini nyingi za wakati huo zimo ndani ya distribyuta, hukatika ndani kwa ndani joto linapopanda na kuungana tena zikipoa. Kipimo kinachochukuliwa asubuhi injini ikiwa baridi hakitaonesha kitu. Ukinzani wa koili hizo, ambao kwa kawaida ni omu mia kadhaa, upimwe baridi na upimwe tena mara tu gari linapozimika, kisha ulinganishwe na kitabu cha injini husika. Namba 13 iliyohifadhiwa kwenye gari linalozimika na kuwaka lenyewe haipaswi kufutwa na kusahauliwa. Gari la namna hiyo lisitumike kwa safari ndefu wala kubeba abiria hadi chanzo kipatikane.

Ieleweke pia kuwa namba 12 huweza kubaki kwenye kumbukumbu baada ya stata kuzungushwa wakati distribyuta au soketi yake imechomolewa kwa matengenezo. Hivyo historia ya gari ifahamike kabla ya kuhukumu.

Namba nyingi zinapojitokeza pamoja

Ni nadra kwa vihisi vitatu au vinne kufa siku moja. Namba 22, 24, 31 na 41 zikitokea kwa pamoja, kinachopaswa kutafutwa ni kitu ambacho vihisi hivyo vinakichangia. Vyote hutumia waya hasi mmoja, unaoandikwa E2 kwenye michoro ya Toyota. Waya huo ukikatika, vyote huonekana vibovu. Kubadilisha vihisi vinne katika hali hiyo ni kununua vipuri vinne visivyohitajika.

Vilevile, waya wa volti 5 huchangiwa na kihisi cha shinikizo na cha kanyagio. Kimojawapo kikipata shoti ndani yake, huweza kuangusha umeme wote wa waya huo. Injini hugoma kuwaka na hata taa ya injini haiwaki ufunguo unapofunguliwa. Kabla ya kuilaumu kompyuta, soketi za vihisi hivyo zichomolewe kimoja baada ya kingine, ufunguo ukifungwa kila mara. Umeme ukirudi baada ya kuchomoa kimojawapo, mhusika amepatikana.

Magari ya watengenezaji wengine

Orodha ya Toyota isitumike kwa gari la kampuni nyingine. Kwa Nissan za kipindi hicho, namba 13 ni kihisi cha joto la maji, wakati kwa Toyota ni mzunguko wa injini; namba 43 ni kihisi cha kanyagio, wakati kwa Toyota ni stata; na namba 55 humaanisha hakuna hitilafu. Kwa Honda, kiunganishi chenye matundu mawili huwa chini ya dashibodi upande wa abiria, ambapo mkonyezo mrefu huhesabiwa kuwa kumi na mfupi kuwa moja. Namba 3 ni kihisi cha shinikizo, 6 ni joto la maji, 7 ni kanyagio na 10 ni joto la hewa.

Baadhi ya Toyota za mwishoni mwa miaka ya 1990 zina soketi ya tundu 16 chini ya usukani, lakini mashine ndogo za kuunganisha na simu hushindwa kuzungumza nazo. Katika mengi ya magari hayo, namba bado husomwa kwa mkonyezo kwa kuunganisha tundu la 13 na la 4. Tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja na lisiguswe.

Kufuta namba na kuthibitisha matengenezo

Baada ya kasoro kurekebishwa, namba hubaki kwenye kumbukumbu hadi ifutwe. Kwa Toyota, ufunguo ukiwa umefungwa, fyuzi iliyoandikwa EFI huchomolewa kwa sekunde 10 au zaidi. Penye baridi, muda uongezwe. Kuchomoa betri hufanya kazi hiyo pia, lakini hufuta saa na redio na huweza kusumbua kengele ya wizi.

Kufuta si kutengeneza. Gari liendeshwe katika hali ileile iliyoleta tatizo, kisha namba zisomwe upya. Isiporudi, kazi imekamilika. Ikirudi ileile, uchunguzi uendelee kwenye waya na soketi za eneo hilo, huku nyaya zikitikiswa kwa mkono na mita ikiangaliwa ili kunasa kiungio kinachokatika na kuungana.

Tahadhari kwa mnunuzi wa gari lililotumika

Anayenunua gari mkononi kwa mtu anashauriwa kufungua ufunguo na kuitazama taa ya injini kabla ya kusikiliza sifa za gari. Taa isiyowaka kabisa huweza kuficha balbu iliyong'olewa au waya uliounganishwa na taa nyingine ili zizimike pamoja. Usomaji wa namba kwa kipande cha waya unapaswa kufanyika mara mbili: kabla ya kuliendesha gari na baada ya mwendo wa kutosha kwa injini kupata joto, kwa sababu muuzaji anaweza kuwa amefuta namba asubuhi hiyo.

Ushauri kwa wamiliki na mafundi

Soketi zisichomolewe wala kuchomekwa ufunguo ukiwa umefunguliwa. Nyaya na soketi za rangi ya manjano za mifuko ya hewa ya usalama zisipimwe na asiye na mafunzo. Mikono, nguo na nyaya za mita viwekwe mbali na feni, ambayo katika baadhi ya magari huwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Mmiliki anapopeleka gari gereji, ni haki yake kuomba aandikiwe namba zilizosomwa, vipimo vilivyochukuliwa na sababu ya kipuri kubadilishwa. Kipuri cha zamani pia arudishiwe. Vijana wanaotaka kuifanya kazi hii kwa weledi wanaweza kujifunza ufundi wa magari na umeme wa magari katika vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), ambako matumizi ya mita na usomaji wa michoro ya umeme ndio msingi. Gari la miaka 25 lililopimwa kwa mita huweza kuendelea kuhudumia familia, shamba au biashara kwa muda mrefu, na fedha ambayo ingeishia kwenye vipuri visivyohitajika ikabaki mfukoni mwa mwenyewe.